Mama Odile na Mkwe Wake Nyuma ya Mti Mmoja

Kule Kataki, mjini Kalemie, kama ulimtafuta Mama Odile siku ya Jumamosi wakati wa mvua, ulikuwa unajisumbua kubisha mlango. Jirani yake, Mama Pétronille, angekutolea kichwa dirishani akuambie, "Ameenda porini kutafuta uyoga," na hilo neno uyoga angelitamka kwa namna ya kukuonyesha kwamba yeye si mtoto wa jana. Maana uyoga gani huo unaomtoa mtu nyumbani kabla jua halijachomoza, unamrudisha saa kumi jioni, na kikapu hakijafika hata nusu? Wenzake walikwenda pori lilelile wakarudi na beseni zimejaa mpaka shingo zinauma. Yeye alirudi na uyoga wa mboga ya siku mbili, majani kidogo ya dawa ya tumbo, na uso umetulia kabisa. Mama Pétronille alimchunguza miaka sita nzima bila kupata jibu, na jambo hilo lilimkera sana.

Mimi nitakupa jibu bure. Mama Odile alikwenda porini kunyamaza.

Alizaliwa upande wa Nyunzu, akaolewa na mtu wa reli, akaletwa Kalemie akiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo makelele hayakumwacha. Treni inapiga filimbi, meli inapiga honi bandarini, radio ya jirani inaimba, mbuzi wanalia, walevi wanaimba kuliko radio. Tena wakati wa hadithi hii ilikuwa miaka ya Zaire, kwa hiyo juu ya hayo yote kulikuwa na ngoma za chama, watu wazima wenye heshima zao wanachezeshwa viuno saa za kazi. Kwenye kitambulisho aliandikwa Sitwayeni, yaani mwananchi, Ngoy Kalenga, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa biroini, kwenye ofisi za serikali. Mungu na majirani waliendelea kumwita Odile, na hakuna aliyekuja kuwafunga. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwepesi wa miguu, muuza unga wa muhogo. Sokoni wenzake waliita wateja mpaka sauti zikakauka. Yeye alipanga unga wake, akafunga mdomo, akangoja. Ajabu ni kwamba unga wake uliisha kwanza. Watu wanachoka kuitwaitwa, wewe unafikiri nini?

Basi, mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mkwe. Na Mungu naye ana utani wake, akamchagulia Florent.

Florent alikuwa kijana wa ziwani, kutoka pwani ya kaskazini, mpakuzi wa mizigo bandarini. Kifua kipana, sauti pana zaidi. Akimsalimia mtu gatini, waliokuwa ndani ya meli waliitikia. Alimuoa Denise, mtoto pekee aliyebaki kwa Mama Odile kati ya wanne aliowazaa, na kwa miaka nane ya ndoa hiyo mama mkwe na mkwe hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Usidhani waligombana. Ilikuwa desturi. Katika ukoo wa Mama Odile, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani kila mmoja anapisha, anajificha mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo hufunguliwa siku mkwe anapoleta kuku, wazee wanakaa, watu wanakula, mambo yanakwisha. Lakini mwaka uleule wa harusi mume wa Mama Odile akafariki, wazee wakasema tungoje matanga yaishe, matanga yakaisha, na suala la kuku likalala huko. Florent aliogopa kuliamsha kwa sababu yeye ni mgeni wa desturi hiyo, na mtu aliyejifunza sheria akiwa mkubwa anaishika kwa mikono miwili. Mama Odile naye hakuliamsha kwa sababu, tuseme ukweli, lilimfaa. Ukuta kati yake na ile sauti, nani angeubomoa?

Kwa hiyo alimjua mkwe wake kwa mgongo. Alijua viatu vyake, alijua kofia yake ikipotelea nyuma ya jiko la Mama Pétronille. Nyumbani kwa Denise hakuingia kamwe, ijapokuwa ni mitaa mitatu tu. Denise ndiye aliyekuja kwake, kila jioni, amemshika mkono Claire, mjukuu wa miaka mitano, na wote watatu walikaa uani mpaka giza.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Mwezi wa kumi na mbili Florent alipewa barua. Kampuni ya reli imemchagua kwenda Lubumbashi kujifunza kuendesha treni, na familia yake imepewa nyumba hukohuko. Mpakuzi wa mizigo kuwa mashinisti! Bandarini walimbeba juu juu. Lakini Denise alisema jambo moja tu: "Bila neno la mama, mimi sipandi treni." Treni yenyewe ilikuwa ya Jumanne.

Florent hawezi kwenda kuomba mwenyewe, unaelewa. Akamtuma msemaji wake, Papa Siméon, mzee wa kanisa lao, mtu wa adabu na mwenye tumbo. Papa Siméon alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Mama Odile alimpa ugali na samaki. Mara ya pili ugali, samaki na sombe ya majani ya muhogo. Mara ya tatu alimchinjia bata. Kila mara mzee alipofungua mdomo kutaja safari, mama alisema, "Mmm. Ongeza kidogo," na mzee alirudi kwa Florent akitembea taratibu, ameshiba, hana jibu. Majuma matatu yakapita hivyo. Mama Odile hakukataa, hakukubali. Alijua akisema ndiyo watoto wake wamekwenda, na akisema hapana atakuwa mama mbaya, basi alinyamaza akitumaini labda Jumanne itapotea njia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya hiyo Jumanne ilikuwa ya salongo, watu wote wanatolewa kufyeka majani barabarani kwa lazima. Mama Odile alitoka saa kumi na moja alfajiri kabla mpiga filimbi wa mtaa hajaamka, akavuka mto Lukuga, akatembea saa mbili, akaingia porini.

Ni pori lisilo na sifa, sitakudanganya. Hakuna simba, hakuna maporomoko ya maji, hakuna mzungu aliyewahi kulipiga picha. Ni miti ya kwetu tu, mitondo na misuku na milombwa, inayosimama mbali mbali, kila mmoja na nafasi yake, majani mapana juu, nyasi fupi chini, na mwanga unaingia bila kusukumana. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka tone moja moja kutoka jani hadi jani. Ndege mmoja aliita, akangoja, hakuna aliyemjibu, naye hakuona vibaya. Mama Odile alivuta pumzi mpaka chini kabisa. Akaokota vichwa vitatu vya uyoga kwenye kichuguu, akala suku moja iliyoiva, akaegemea kichuguu hicho, akanyoosha miguu, akaanza kazi iliyomleta.

Alikuwa amenyamaza labda nusu saa. Ndipo akasikia sauti.

"Mama mukwe!" sauti ilinguruma, na ndege yule akahama. "Mimi njo Florent, bwana wa Denise. Hapana. Anajua. Miaka nane anajua. Mama mukwe, habari ya jioni. Aka! Na kama ni asubuhi?"

Mama Odile alishika mdomo. Akachungulia pembeni ya kichuguu. Hatua ishirini hivi kutoka pale, katikati ya kinjia, baiskeli imelazwa, na Florent amempa yeye mgongo, ule mgongo wake wa siku zote, amevua kofia, anauinamia mti mmoja mkubwa wa mupapa pembeni ya njia kama mtu aliyeitwa biroini. Alikuja kujifunza maneno. Papa Siméon alikuwa ameshindwa, mkwe akaamua potelea mbali, ataongea mwenyewe akiwa nje ya ukuta. Na kwa kuwa Kataki huwezi kusema na ukuta bila mtaa mzima kupata habari, alipanda baiskeli akatafuta mahali pasipo watu. Pori lina ukubwa gani, na yeye akachagua palepale.

Florent akavuta pumzi. "Mama, nimekuja kwa mambo ya safari." Halafu, jamani, akabadilisha sauti. Akaifanya nyembamba, ya taratibu, ya puani kidogo, akajijibu mwenyewe: "Mmm. Umekula?"

"Nimekula, Mama. Safari ni ya Jumanne."

"Mmm. Ongeza samaki."

"Nimeshiba, Mama. Nasema Denise na mutoto."

"Ongeza na sombe. Mufupa ule hujaumaliza."

Kwanza Mama Odile alikasirika. Mimi njo nasema vile? Mimi, na pua namna ile? Halafu akagundua kitu kibaya zaidi: ilikuwa sauti yake kabisa. Hata kile kimya kidogo baada ya "mmm" alikuwa amekiweka mahali pake. Akakaza meno. Akafikiria msiba, akafikiria kodi, haikusaidia. Kicheko kilimpasuka kupitia puani, kikubwa, na katika kimya kile kililia kama sahani imeanguka.

Florent akageuka. Mama Odile akasimama. Kwa nukta moja walikuwa ana kwa ana, halafu miaka nane ya adabu ikawarusha wote wawili.

Hapa lazima nikueleze. Papa Siméon alikuwa amemfundisha Florent: ukikutana na mama mkwe njiani, ruka kulia. Na Mama Odile, tangu akiwa msichana, shangazi yake alimfundisha: mwanamke anapisha kushoto. Sheria safi, kila mtu na upande wake. Ila hakuna hata mmoja kati ya wazee hao aliyewahi kukaa chini akahesabu kwamba watu wawili wakitazamana, kulia kwa huyu na kushoto kwa yule ni kichaka kimoja. Mjini haikuonekana, kwa sababu mjini kuna nyumba za watu za kuingilia. Huku porini, kichuguu kilibaki kuliani kwa Mama Odile, na upande wa kichaka hicho kulikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kumficha mtu mzima, nacho ni ule mupapa. Florent aliukimbilia kwa kulia, Mama Odile kwa kushoto, kila mmoja amefumba macho kwa heshima. Huyu akabandika mgongo wake upande huu wa shina, yule akabandika wake upande ule, na katika kubandika huko mguu wa Mama Odile ukaingia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama muhanga.

"Mama yangu ee!" alilia.

Upande wa pili pumzi ilikatika. Basi wakajua.

Sasa fikiria wewe. Mguu umeteguka, huwezi kwenda. Mkwe anaweza kwenda, lakini utamwachaje mama wa mkeo porini na mguu mmoja? Kumsaidia, lazima umwone. Kumuuliza, lazima umsemeze. Walikaa hivyo, migongo miwili na mti katikati, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Florent alikosa la kusema. Mama Odile alilitambua hilo hata katika maumivu.

Hatimaye mkwe akakohoa.

"Ee muti," alisema kwa adabu nyingi. "Naomba umuulize Mama kama muguu iko nzima."

Mama Odile alitazama juu kwenye matawi. Alifikiri kidogo. Kumsemeza mkwe ni haramu, lakini mti si mkwe wa mtu.

"Muti," alijibu, "umuambie muguu iko palepale pa siku zote. Njo inauma tu. Na umuambie asipige makelele, wewe si kiziwi."

"Muti, mwambie Mama pardo!" Florent alinguruma, halafu akajikamata, akaomba radhi kwa kunong'ona: "Pardo."

"Na umuulize, muti, kuiga sauti ya watu alijifunza wapi."

Florent alizungusha kofia mkononi. Tone moja likaanguka kwenye kofia.

"Muti, mwambie Mama si mimi. Ni Denise. Denise njo anafanyaka vile, kila jioni akirudi kutoka kwa Mama. Anatuonyesha namna Mama amesema, namna Mama amenyamaza. Mimi nimeiga Denise tu. Tunacheka mpaka Claire anateleza kwenye kiti."

Mama Odile akasahau mguu. Denise? Denise wake, anayekaa uani amekunja mikono kama mtu wa kanisani? Miaka nane alikuwa akimtazama mtoto wake akiondoka jioni kurudi katika nyumba ambayo yeye hajaiona ndani, kwa mtu ambaye yeye hajamwona uso, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba humo watu wanacheka. Hakuwahi kuuliza. Angemuuliza nani?

"Muti," alisema polepole, "umuulize. Kwake pale, banachekaka sana?"

"Walikuwa wanacheka," Florent alijibu, na akasahau kumtaja mti. "Tangu ile barua, hapana. Denise asubuhi anaweka masufuria ndani ya sanduku. Jioni anayatoa. Nikimuuliza anasema, tutapikia nini? Bon, ni kweli. Mè lakini juzi alitoa na suweta ya Claire. Suweta, Mama! Sisi hatupikii suweta. Ee, pardo. Muti. Nasema na muti."

"Muti amesikia," alisema Mama Odile.

"Basi muti amwambie Mama hivi. Barua iko hapa mufukoni. Kama moyo wa Mama unakataa, Jumatatu nairudisha biroini. Nitabaki bandarini, mugongo wangu ungali muzima. Ile treni itapata muntu mwingine wa kuiendesha. Mè Denise nikimubeba vile alivyo sasa, nitakuwa nimepandisha nguo zake tu, yeye mwenyewe atabaki huku gatini. Njo yote. Njo ile nilikuwa nataka kusema, na sikupata namna ya kuisema, kila mara nilikuwa nafika kwenye samaki."

Mama Odile alilia kidogo, bila sauti, kwa kuwa mti hauoni. Alikuwa amejiandaa kwa mkwe wa kumnyang'anya mtoto. Angemshinda kwa sombe na bata mpaka mwaka kesho. Huyu hapa anamrudishia mtoto, pamoja na treni juu yake, na sasa mzigo wote uko mikononi mwake yeye.

"Muti," alisema, "mwambie mimi si mubaya. Mwambie naogopa. Watu banasema Odile anapenda kimya, kila Jumamosi anakimbilia pori. Ni kweli, napenda. Mè napenda kwa sababu najua jioni Denise atakuja kuniuliza, mama, umeokota nini. Akienda, hiki kimya nitakipeleka wapi? Nitakuwa nacho na Jumapili, na Jumatatu, na siku zote. Nimezika watatu. Ule njo alibaki."

Upande wa pili pua ilivutwa kwa nguvu sana; huyo mtu hata kulia hakujua kulia kwa siri.

"Mama aje na sisi!" Florent alisema. "Muti, mwambie! Nyumba iko! Mama aje akae na sisi Lubumbashi!"

Mama Odile alipangusa macho na ncha ya kitenge. "Muti, umuulize ile nyumba iko na milango mingapi."

"Moja."

"Na madirisha?"

"Moja. Iko na nondo."

"Na vyumba?"

"Kimoja, na salo ya kupokea wageni." Sauti ilianza kupungua. Alikuwa anaiona sasa: asubuhi, mama mkwe anatoka chumbani, mkwe anaingia kutoka nje, huyu kulia, yule kushoto, na wote wawili chini ya meza moja. "Ee," alisema. "Pale hatutapata mupapa."

Mama Odile alicheka. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akashika mguu akaendelea kucheka, na yule mkubwa naye akaachilia chake, na mti ukatikisika katikati yao ukawamwagia maji yote ya usiku. Kwa miaka mingi pori lile halikupata kelele ya namna hiyo, na Mama Odile, aliyekuja kunyamaza, ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Baadaye Florent alikata kijiti kirefu. Akakisukuma nyuma ya shina bila kuangalia, Mama Odile akashika ncha moja, yeye akashika nyingine, akamtoa shimoni, na hivyo ndivyo walivyotembea: mkwe mbele akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mama mkwe nyuma akichechemea, kijiti katikati. Alikuwa nyuma ya mgongo ule tena, lakini sasa alikuwa akiutazama vizuri. Shati lilikuwa limeshonwa begani na mkono wa Denise. Aliujua ule mshono, yeye ndiye aliyemfundisha. Mtu yule alipofika kwenye mzizi alisimama na kugonga mzizi kwa kiatu mara mbili, ili aliye nyuma ajue. Kwenye matope alizunguka. Hakusema hata neno moja mpaka mwisho wa miti, na ilionekana wazi kwamba kunyamaza kunamuumiza.

Mama Odile alitumia njia yote hiyo kufikiri. Alijaribu kufikiri juu ya Jumatatu, Florent akirudisha barua. Alijaribu kuona jioni ya Jumatatu hiyo, Denise uani kwake, Claire mapajani, kila kitu kama zamani. Lakini kila alipoiona, aliona na sanduku lililobaki wazi kule mitaa mitatu mbali, na watu wawili waliokaa kulizunguka bila kucheka. Na akajua kwamba yeye ndiye angekuwa amelifungua. Ilimuuma kuliko mguu, nasema kweli, alisimama mara mbili akidai ni mguu.

Pale miti inapokwisha na barabara ya mji inaanza, aliachia kijiti.

"Geuka," alisema.

Florent aliganda. Neno hilo halikupitia kwa mti. Hapakuwa hata na mti karibu.

"Mama, kuku hatujaleta," alisema kwa mgongo.

"Geuka, nimesema."

Akageuka. Alikuwa amefumba macho kabisa, amekunja uso kama mtoto anayepewa kinini chungu.

"Na macho ufungue. Unafikiri nitakuuma?"

Akafungua. Basi Mama Odile akamtazama mkwe wake, bila haraka, kuanzia juu. Alikuwa na uso mpole, wa mviringo, usiofanana hata kidogo na ile sauti. Meno ya mbele yameachana. Na masikio, ee Mungu wangu, masikio yale madogo yaliyosimama, ya Claire, ambayo yeye alikuwa akisuka nywele pembeni yake kila Jumapili akijiuliza mtoto ameyatoa ukoo gani. Uso mzima wa mjukuu wake ulikuwa umesimama pale barabarani, umepanuka, una ndevu, umelowa machozi, unamngojea yeye aseme.

"Jumanne muende," alisema. "Wote watatu. Denise nitamwambia mimi mwenyewe leo, na hayo masufuria tutayafunga pamoja, yasitoke tena."

Florent akajifuta uso kwa kofia.

"Vizuri sikukuona mapema," alisema Mama Odile, akikaza kitenge chake. "Ningekuona mapema, ningewakatalia wote watatu kuondoka."

Akachechemea mpaka kwenye baiskeli, akakaa nyuma, akaweka mapajani kikapu chenye vichwa vyake vitatu vya uyoga. Florent akashika usukani, akaanza kusukuma taratibu kuelekea Lukuga, kichwa ameinamisha, kimya. Walikwenda hivyo hatua hamsini. Mama Odile akampiga begani, pale kwenye mshono.

"Sema basi, Florent," alisema. "Siku ziko tatu tu."